Dhahabu inabaki bluu, na DLS haikubaliani na hadubini

Mkuu, umeuliza kwa nini dhahabu yako ya njia ya Turkevich (kutengeneza chembe ndogo mno za dhahabu majini kwa sitireti) inaishia bluu badala ya nyekundu, na kwa nini hadubini ya elektroni inatoa kipenyo cha nm (nanomita) 13 huku DLS, kipimo cha ukubwa wa chembe kwa mwanga unaotawanywa, ikitoa 25.

Anza na vyombo. Bluu isiyoondoka kwa kawaida ni chembe zilizogandana, na mara nyingi chanzo ni chumvi au uchafu kwenye kioo. Sabuni haitoshi. Osha chupa na kisumaku cha kukorogea kwa asidi ya haidrokloriki sehemu 3 na ya naitriki sehemu 1, ndani ya kabati la kuvuta hewa, kisha suuza mno kwa maji yaliyotoneshwa. Mchanganyiko huo usiufungie kwenye chupa, unatoa gesi na chupa itapasuka. Kijiko cha chuma nacho kisiguse chumvi ya dhahabu, kitaliwa.

Pima mg 19.7 za asidi ya kloroauriki (ile yenye molekuli 3 za maji) kwa ml 50 za maji. Hiyo ni milimola 1 kwa lita. Ichemke kweli kweli, kondensa (kipoza mvuke) juu, ikikorogwa kwa nguvu. Mimina kwa mkupuo ml 5 za maji yenye mg 57 za sitireti ya sodiamu. Njano itapotea, ije bluu ya kiza, zambarau, halafu nyekundu ya mvinyo. Bluu ya katikati ni ya kawaida, usizime moto hapo! Iache ichemke kama dakika 15. Ukibana sitireti, chembe zinakua kubwa. Ukizidi kuibana zinakosa kinga na kushikana.

Kwenye UV-Vis (kipimo cha mwanga unaofyonzwa), kilele kiwe karibu na nm 520. Mkono wa kulia wa mchoro ukinyanyuka kuelekea 650, zimeanza kugandana.

DLS hupima chembe pamoja na ganda lake la maji, tena chembe yenye kipenyo mara 2 hutawanya mwanga mara 64. Vibonge vichache tu vinavuta wastani juu. Ukubwa wa kiini chukua kwenye hadubini, ukihesabu chembe 200 au zaidi.

Kwa eksirei zinazotoka kwenye shaba, zikipigwa kwenye sampuli iliyokaushwa ili kutambua fuwele, tafuta vilele vya pembe (2θ) nyuzi 38.2, 44.4, 64.6 na 77.5. Ukiona 31.7 na 45.4, hiyo ni chumvi ya mezani iliyobaki sampuli ilipokauka. Chembe za nm 13 zitatanua kilele cha kwanza kama nyuzi 0.65, ukishatoa upana wa mashine yenyewe.