Re: Seva ya Mastodon kwa wauza dagaa: domeni isajiliwe kwa jina lenu

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema kikundi chenu cha wauza dagaa Mwaloni Kirumba kinataka seva yake ya Mastodon, mtandao wa kijamii ambao kila kikundi kinaweza kuendesha kwenye kompyuta (seva) yake, ili wateja walioko Pixelfed, mtandao wa picha unaowasiliana nao, na kwingineko wawafuate bila kufungua akaunti nyingine. Halafu ukapitisha juu juu kwamba fundi atasajili domeni, yaani anwani ya seva mtandaoni, kwa jina lake, mtahamisha baadaye. Baadaye hiyo haipo!

Sisi huku Nyegezi, wachuuzi wa sangara, tuliletewa maneno hayo hayo. Fundi akasajili domeni kwa barua pepe yake, akasema ndio utaratibu. Ilipofika siku ya kulipia upya, simu haipokelewi, domeni ikafa. Seva inawaka, picha zipo, bei za kila asubuhi zipo, ila hakuna anayeweza kutufikia. Kuna mama wa Ukerewe alikuwa anatangaza mzigo wake pale kabla boti haijaondoka. Wanunuzi wake wakadhani ameacha biashara. Na yule bwana hadi leo anajiita mtaalamu! Fundi anayekwambia domeni ni jina tu, ama hajui kazi, ama anataka kukufunga kamba.

ActivityPub, itifaki (kanuni za mawasiliano) ambayo seva hizi huzungumzia, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018, inakutambua kwa anwani nzima, jina pamoja na domeni. Seva ya kila mfuasi wako imehifadhi anwani hiyo, na ufunguo wa kuhakiki saini zako za kidijitali, kwamba ujumbe umetoka kwako kweli. Ukibadili domeni, kwao wewe ni mgeni kabisa. Ndiyo, Mastodon ina njia ya kuhamisha wafuasi, lakini tangazo la kuhama lazima litoke kwenye akaunti ya zamani ikiwa bado hewani. Domeni imeshakufa, nani atangaze? Na hata mkiwahi, wanahama wafuasi tu, posti zinabaki kule kule. Kwenye mipangilio kuna mstari unaitwa LOCAL_DOMAIN, na nyaraka zao wenyewe zinaonya usiuguse seva ikishaanza kazi.

Domeni za bure nazo msizikimbilie. Mwaka 2023 Mali ilirudisha mikononi mwake usimamizi wa domeni za .ml, ambazo nyingi zilikuwa zikigawiwa bure, na seva ya Lemmy, jukwaa la mijadala linalotumia itifaki hiyo hiyo, iliyoitwa fmhy.ml ikapoteza anwani yake.

Sajilini .co.tz kwa jina la kikundi na barua pepe ya kikundi. Nywila wawe nayo viongozi wawili, na mlipie miaka kadhaa mbele. Fundi apewe ruhusa ya kuingia kwenye seva, basi. Akigoma, mafundi Mwanza hii wamejaa.

RAM (kumbukumbu ya seva) kiasi gani, programu ipi ya simu, hayo yanarekebishika hata mkiwa mmeshaanza. Leo hii, kabla hujamtumia hela, mwambie akuonyeshe domeni inasoma jina la nani.