Simu Imezama Kwenye Theluji: Maswali na Majibu

Kila theluji ikianza kumwagika, maswali ninayoletewa yanageuka kuwa ya jambo moja: simu imechomoka mfukoni huko nje, imezama, mwenyewe hajui aanze wapi. Leo nimeyaweka kando mengine yote nijibu haya tu. Nina sababu. Simu nyingi zinaokotwa zikiwa nzima kabisa, halafu zinaharibiwa nyumbani na wenyewe ndani ya nusu saa, na jambo hilo linaniuma kila mwaka.

Shikamoo mtaalamu. Jana jioni nilidondosha simu nikiteleza na watoto mlimani. Theluji inafika magotini. Nikipiga inaita, lakini sisikii kitu. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza kwa kuacha kupiga. Kila ukipiga unakula chaji, na betri iliyolala kwenye baridi haina chaji ya kuchezea. Chukua simu ya mtu mwingine au kompyuta, ingia kwenye akaunti yako: Find My kama ni iPhone, Find Hub kama ni Android (hiyo ndiyo ile iliyokuwa ikiitwa Find My Device). Ifunge simu kwa mbali, acha kwenye kioo chake namba ya kupigiwa, tazama ilipo kwenye ramani, kisha nenda. Usiilize mpaka uwe umefika.

Ile nukta kwenye ramani isikudanganye. GPS ya simu, hata mahali peupe pasipo miti wala majengo, hukosea kwa mita 5 hivi kila upande. Kwa hiyo una duara la mita 10 la kutafuta. Chini ya miti, duara linapanuka.

Ukifika, simama pembeni na uwazuie watoto. Theluji iliyokanyagwa haisomeki tena. Fuata nyayo zako mwenyewe na ujiulize ni wapi ulianguka, ulikaa, uliinama au ulivua glavu ili utoe kitu mfukoni. Simu huchomoka hapo, mara chache sana huchomoka mtu akitembea wima. Chuchumaa, tazama uso wa theluji kwa ubavu jua likiwa chini. Simu ikidondoka kwa ukingo kwenye theluji laini haiachi shimo, inaacha mwanya mwembamba kama tundu la kutumbukizia sarafu, urefu wa kiganja, na ndani yake kuna kivuli cha buluu. Ukisimama wima huuoni.

Sasa ndiyo uilize, kupitia Find My au Find Hub. Italia hata kama uliiacha kimya, na ya Android hulia kwa sauti ya juu kabisa kwa dakika 5. Theluji mpya imejaa hewa na inameza sauti, kwa hiyo piga magoti, sogeza sikio karibu na uso wake, na wote walio nawe wanyamaze. Usiposikia, rudi giza linapoingia na hapo ndipo umpe mtu kazi ya kuipigia. Ikiwa imelala kioo juu na haijazama sana, utaona kiraka cha theluji kikitoa nuru hafifu.

Vyote vikishindikana, gawa duara lako kwa mistari, upapase kwa mikono au kwa reki ya plastiki, mstari baada ya mstari. Sepetu ya chuma ibaki nyumbani. Nimeona simu iliyopona theluji ya siku nne ikapasuliwa kioo na sepetu ya mwenyewe.

Simu ilikuwa na chaji asilimia 60, sasa haipatikani. Je, kuna mtu ameiokota akaizima?

Usimtuhumu mtu bado. Betri ya lithiamu ikipoa, kazi ya kikemia ndani yake inazorota na ukinzani wake unapanda. Simu ikitaka umeme mwingi kwa mara moja, volteji inaporomoka na simu inajizima, hata kama chaji imo. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Ikipata joto, sehemu kubwa ya ile chaji hurudi.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: theluji nene ni blanketi. Hewa inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini chini kabisa karibu na ardhi joto likawa karibu na sifuri tu. Simu iliyozama inaweza kuishi kuliko iliyolala juu ikipigwa na upepo.

Kuzimika si mwisho pia. Tangu iOS 15 ya mwaka 2021, iPhone nyingi kuanzia 11 huendelea kutoa mawimbi madogo ya kutafutwa hata zikishazimika, na vifaa vya Apple vinavyopita karibu huyanasa. Kwa Android, ni baadhi tu, kama Pixel 8 na zilizofuata. Lakini hayo yote yanategemea kama uliwasha mpangilio wa kutafuta simu kabla haijapotea. Wewe unayesoma haya simu ikiwa mkononi, nenda kauwashe sasa hivi, kisha urudi tuendelee.

Nimeipata! Niiweke kwenye mchele?

Hapana. Hata Apple wameandika waziwazi kwamba chembe za mchele zinaweza kuiharibu simu. Hili nimelijibu mara nyingi mno. Tafadhalini, mchele upikwe.

Mimi na mume wangu tunabishana. Tumeiokota imeganda kabisa. Yeye anasema iwekwe juu ya hita na ichajiwe hapohapo ili tuone kama nzima. Mimi naogopa. Nani yuko sahihi?

Wewe, dada. Mwambie shemeji aitoe kwenye hita na achomoe waya, kisha mnisikilize wote wawili.

Kazi ya kwanza hufanyika nje, kabla hujaingia ndani. Theluji iliyojaa kwenye tundu la chaji na kwenye spika bado ni kavu kama unga. Igeuze simu tundu liangalie chini, igonge taratibu kwenye kiganja mpaka unga udondoke. Ukiingia nayo ndani ilivyo, ule unga unakuwa maji, na maji yana njia nyingi za kupita.

Kazi ya pili ni mfuko. Tia simu kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, kamua hewa, funga, ukiwa bado nje. Mmewahi kuona miwani inavyopata ukungu mtu akitoka kwenye baridi na kuingia ndani? Simu nayo hupata ukungu huohuo, na ukiingia ndani yake huuoni wala huwezi kuufuta. Ikiwa mfukoni, matone yatashika plastiki upande wa nje. Iache humo saa kadhaa, mahali pa joto la kawaida la chumba, mpaka ukiigusa haina ubaridi tena. Si juu ya hita, si kwa draya ya nywele, si kwenye oveni. Joto la ghafla linalegeza gundi inayoshika kioo na kusukuma unyevu ndani zaidi.

Halafu ndiyo uvue kava, utoe trei ya laini, uisimamishe tundu likiangalia chini penye hewa inayopita. Feni inatosha.

Chaji iwe ya mwisho kabisa. Betri ya lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi 0. Ukiilazimisha, lithiamu badala ya kupenya ndani ya ncha hasi inajipaka juu yake kama utando wa chuma. Madhara hayo hayarudi nyuma na huyaoni kwa macho. Betri inapoteza nguvu moja kwa moja, na utando ukizidi unaweza kuleta shoti ndani. Na simu ikikwambia kuna majimaji kwenye tundu, iamini.

Mimi mwenyewe niliwahi kuipata yangu jioni moja, nikaiwasha palepale mlangoni nisome ujumbe mmoja tu. Kesho yake lenzi ya kamera ilikuwa na ukungu kwa ndani, na haukutoka tena. Ujumbe wenyewe ungeweza kusubiri.

Simu yangu ni IP68. Hayo yote ya nini?

Kwa sababu tarakimu hizo zinaeleza jaribio la maabara, simu ikiwa mpya, kwenye maji safi yasiyo na chumvi. Hiyo 6 ni ya vumbi. Ya pili ni ya maji: 7 ni mita 1 kwa dakika 30, na 8 ni zaidi ya hapo kwa kiwango anachokitaja mtengenezaji mwenyewe. Simu iliyoanguka mara tatu au iliyowahi kufunguliwa kwa fundi huenda haina tena uzibaji ule. Tena theluji ya kando ya barabara mara nyingi ina chumvi iliyomwagwa kuyeyusha barafu, na chumvi ni sumu kwa tundu la chaji. Kama simu yako ni ya kuzuia maji na imelala kwenye tope la namna hiyo, isuuze kidogo kwa maji safi kabla ya kuikausha.

Usitegemee waranti. iPhone nyingi zenye tundu la laini zina ndani yake alama ndogo nyeupe inayogeuka nyekundu ikiguswa na maji, na fundi huitazama hiyo kwanza.

Mashine ya kugundua chuma inasaidia?

Sana. Theluji haiizuii. Weka mbali simu na funguo zako, ipitishe chini na polepole. Kwenye maegesho ya magari utasumbuliwa na nondo na makopo.

Gari la kusukuma theluji limeshapita pale nilipoiangusha. Nikate tamaa?

Bado. Tafuta kwenye tuta la pembeni, upande ambao gari hutupia theluji, ukianzia pale ilipoanguka na kusogea mbele kule gari lilikoelekea. Usitafute barabarani magari yakipita. Simu inanunulika.

Nimepata ujumbe kwamba simu yangu imeokotwa, nibonyeze kiungo niweke nenosiri nione ilipo.

Ni wezi. Wanachotaka ni nenosiri, maana bila hilo simu iliyofungwa na akaunti yako haiuziki kirahisi. Usibonyeze, na usikubali kuiondoa simu kwenye akaunti hata wakikubembeleza. Aliyeokota kweli atakupigia kwa namba uliyoiacha kwenye kioo. Na namba hiyo iwe ya ndugu yako. Wapo wanaoandika namba ya simu ileile iliyopotea.

Kuhusu kufunga laini: ikiwa pesa zako zinapita kwenye laini hiyo na huna uhakika simu iko thelujini, ifunge. Ukijua iko thelujini, ipe siku moja, maana ukiifunga huwezi tena kuipigia. Na kila mtu abonyeze *#06# leo, aandike IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenye karatasi.

Tunapanda milima yenye maporomoko ya theluji. Simu zetu zote zina GPS. Bado tunahitaji vile vifaa vya uokoaji vya kuvaa mwilini (avalanche transceiver)?

Ndiyo, na nakuomba usipande bila hivyo. Vifaa vile hutumia mawimbi ya kilohezi 457 yanayopita kwenye theluji na kumwongoza mwenzako mpaka ulipofukiwa. Simu haifanyi kazi hiyo, na inaweza hata kukivuruga: iwe umbali wa angalau sentimita 20 na kifaa kinapotoa mawimbi, na sentimita 50 kinapotafuta. Kila mmoja awe na chake, pamoja na fimbo ya kupimia na sepetu, na mjifunze kuvitumia kabla ya safari.

Wiki mbili nimetafuta. Nisubiri theluji iyeyuke?

Subiri, lakini usisubiri nyumbani. Chomeka kijiti palipo katikati ya duara lako. Kila siku yenye jua, nenda mchana: kitu cheusi hunyonya joto, na theluji iliyo juu yake huanza kubonyea kabla ya kwingine. Apple wanaruhusu iPhone ihifadhiwe mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo huenda baridi yenyewe haijaiua. Hatari ni maji ya kuyeyuka. Iwahi kabla haijalala dimbwini.

Ukiipata, rudi kwenye jibu la mfuko na ulifuate lote. Ikiwaka, usimpigie mtu kwanza. Hamisha picha.