Kabla ya Puto, Muulizeni Nahodha

Wiki hii mhariri ameuliza: "Mchezo wa kupaa kwa puto la hewa moto uletwe pwani, au ubaki kuwa anasa ya watalii wa Serengeti?" Mimi nashona matanga na maturubai hapa Bagamoyo, na swali hili limenikalia moyoni tangu nililisoma. Najua wengi watajibu kwa hesabu ya fedha, kwamba kule mbugani kupaa saa moja ni zaidi ya dola 500 kwa kichwa, na nani kati yetu anazo. Hilo nalipita. Jibu langu ni hapana, na sababu yangu ni upepo.

Aliyekulia Dunda, kata yetu hapa Bagamoyo, hahitaji kuelezwa upepo wa umande. Alfajiri unavuma kutoka bara kwenda baharini, ndio unaozitoa ngalawa kabla jua halijachomoza. Na puto nalo hurushwa saa hizo hizo, maana jua likishapanda ardhi inapata joto, hewa inatibuka, na chombo kile hakitawaliki tena. Sasa jumlisha mwenyewe: chombo kisicho na usukani, umande nyuma yake, na mbele hakuna nchi kavu mpaka Unguja.

Haya sikuyapata vitabuni. Msimu mmoja wa kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, walikuja wastaafu wawili, mume na mke, kutoka Uingereza, wakafikia nyumba ya wageni jirani na kibanda changu. Yule mama aliwahi kufundisha Tanga ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima. Yeye ndiye rubani. Mumewe kazi yake ni kulifuata puto kwa gari, akipita vichochoro vya mashamba huku macho yako juu, ili chombo kikitua awepo. Puto lenyewe walikuwa wameliacha kwao. Huku walikuja kupumzika tu. Lakini aliponiona naunga tanga, kingo mbili zimekunjwa zikaumana ndipo zipigwe mishono miwili, aliketi mkekani asiondoke mpaka adhuhuri. Akanieleza kuwa hata mfuko wa puto huungwa hivyo hivyo, isipokuwa kitambaa chake ni nailoni, na kileleni huachwa tundu linalozibwa kwa duara la kitambaa. Rubani akivuta kamba, duara hushuka, hewa moto hutoka, na chombo huanza kuteremka. Akaniambia kwa nini kikapu mpaka leo husukwa kwa henzirani: kikigonga chini, henzirani hunepa na kumeza kishindo. Akanisimulia jinsi Wafaransa wa mwaka 1783 walivyopaa kwa moshi wa nyasi na sufu, na jinsi Mmarekani Ed Yost alivyofungua mlango wa mchezo wa sasa mwaka 1960 kwa kichomeo cha gesi ya propani.

Mjomba wangu, nahodha wa majahazi ya Unguja tangu ujana wake, alikuwa barazani akisikiliza.

"Mama, na usukani uko wapi?"

"Hakuna, Nahodha."

"Sasa unafikaje unakotaka?"

"Natafuta upepo unaokwenda huko. Wa chini una njia yake, wa juu una njia nyingine. Nikitaka kugeuka napanda, au nashuka."

Mjomba akanyamaza. Kisha akasema kwamba wakati wa kaskazi umande wetu ni mwembamba, haufiki mbali juu. Alfajiri utayaona mawingu yanaingia bara huku ngalawa zinatoka. Yule mama akainuka akamwita mumewe.

Wakaagiza Dar es Salaam maputo ya sherehe yaliyojazwa heliamu, na alfajiri moja tukateremka wote ufukweni. Waliachia la kwanza. Likaelekea baharini, mume akilifuata kwa darubini na kutaja pembe, mke akiandika. Lilipozidi kupanda likasita, likasimama, halafu likarudi, likapita juu ya vichwa vyetu na juu ya minazi, likapotelea bara. Wakaachia jingine, nalo vilevile. Yule mama alimshika Mjomba mikono yote miwili. Akatuambia kuwa kule Albuquerque, Marekani, ambako wapenzi wa mchezo huu hukusanyika kila Oktoba tangu miaka ya 1970, watu husafiri kutoka pembe za dunia kufuata upepo wa namna hiyo, kwa sababu rubani anaweza kwenda na wa chini, akarudi na wa juu, akatua karibu na alipoondokea.

Hawakuficha kitu, na hicho ndicho nilichokipenda kwao. Walieleza hata yanayowatia hofu: nyaya za umeme, kutua kwenye upepo mkali kikapu kikaburuzwa, na joto la pwani yetu, kwa kuwa puto hubebwa na tofauti ya joto la ndani na la nje, hivyo hapa lingetaka mfuko mkubwa zaidi au watu wachache. Mjomba naye akawapa alichonacho, pepo za matlai na maleleji, na jinsi kusi, ule msimu wa upepo wa kusini, inavyojitangaza. Yote yaliingia daftarini. Daftari hilo liko Uingereza, na sijamwona kijana wa hapa aliyekaa na Mjomba kwa kalamu na karatasi.

Nikifika hapa naona hapana yangu imelegea. Mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith na wenzake walipaa Unguja kwa puto la haidrojeni wakavuka mpaka bara, kwa hiyo anga hii imeshawahi kubeba watu. Basi uletwe. Ila uletwe na wapenzi wenyewe, kama klabu ya kufundishana, na vijana wetu wawemo tangu kushona mfuko hadi kusomea urubani kwa kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Miezi ya kaskazi tu. Ya kusi sikubali. Kila alfajiri liachiwe kwanza puto dogo, lisiporudi bara watu warudi nyumbani. Boti iwe majini, na nahodha wa hapa alipwe kwa kutoa neno la mwisho juu ya upepo. Tiketi za watalii kwa sasa bado nazikataa, maana mteja akishalipa ni vigumu kumwambia leo haturuki.