Re: Binti kafungwa mechi moja tu, msimu wa softiboli umeisha?

Salaam ndugu. Nimekuelewa: timu ya softiboli (mchezo unaofanana na besiboli) ya chuo cha binti yako imefungwa mara moja kwenye mashindano ya konferensi, yaani kundi la vyuo vya Marekani vinavyoshindana pamoja, ikatoka, ilhali timu ya konferensi nyingine imefungwa na kesho yake ikacheza tena.

Kwanza angalia karatasi ya ratiba. Kila konferensi ina utaratibu wake. SEC, konferensi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, kwa mfano, ukifungwa mara moja umetoka. Kwingine timu hutolewa ikifungwa mara mbili. Utaona chini ya karatasi njia ya waliopoteza, mistari yake inapanda hadi fainali. Mimi nilishawahi kukunja viti na kuvipakia kwenye gari, binti yangu akaja mbio, njumu zimejaa udongo mwekundu: "Baba, tunacheza tena jioni!"

Kuhusu msimu, usikate tamaa mapema. Kwenye Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, bingwa wa konferensi anaingia moja kwa moja mashindano ya taifa ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) yenye timu 64. Nafasi zinazobaki kamati inazigawa kwa kutazama msimu mzima, kwa hiyo tazama rekodi yenu na nguvu ya mliocheza nao. Kama konferensi yenu ni ndogo, nakwambia kweli, mara nyingi ni bingwa tu anayekwenda.

Mkiitwa, hatua ya kwanza ni makundi ya timu nne nne, na hapo kufungwa mara moja hakukutoi. Msubiri tangazo la Jumapili la timu zilizochaguliwa mkiwa pamoja, binti asikae peke yake chumbani.