Kulanti (maji ya kupozea injini) inashuka na hakuna tone chini? Anzia hapa

Kaka, umesema boti yako ya matanga imelala nchi kavu huko Sweden tangu Oktoba, umeiwasha juzi na kulanti inashuka ila hujaona tone. Usikimbilie kufungua silinda hedi. Kausha ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) kwanza, tandika karatasi nyeupe za jikoni chini ya injini, washa (kama boti bado iko nchi kavu ipe injini maji kwa ndoo, pampu ya maji ya bahari isizunguke kavu) hadi ipate moto halafu zima uiache ipoe, maana mipira ya kupitisha kulanti iliyokakamaa kwa baridi mara nyingi inavuja kwenye klipu wakati wa kupoa. Pitisha kidole chini ya pampu ya kulanti, kuna kitundu pale, ukikuta ukoko wa kijani au bluu jua sili, ile inayozuia pampu isivuje, imekwisha. Mimi nilihangaika wiki mbili kumbe kifuniko cha tanki la kulanti tu, mpira wake umepasuka! Karatasi zikibaki kavu, shuku kipoza (pale maji ya bahari yanapopoza kulanti bila kuchanganyika), vijibomba vyake vikitoboka kulanti inaondoka na maji ya bahari kwenye ekzosi na wewe huoni kitu. Na oili ya injini ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji, usiwashe tena.