Maswali na Majibu: Bombomu, Maji Yake na Mkanda Wake

Safari hii nimekusanya maswali ya wasomaji kuhusu bunduki za rashasha zinazotumiwa kuwasaidia askari wa miguu. Nimeyafupisha bila kuyabadili maana.

Babu yangu, akisimulia vita vya Wajerumani na Waingereza, hutaja "mzinga wa bombomu". Je, ulikuwa mzinga kweli? (Msomaji, Muheza)

Ilikuwa bunduki, ingawa uzito wake na kiweko chake viliwafanya wengi waione kuwa jamii ya mizinga. Jina lilitokana na mlio wake. Silaha yenyewe ni Maxim, au mojawapo ya zile zilizonakiliwa kutoka kwake, iliyobuniwa mjini London mwaka 1884 na Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani. Kabla yake zilikuwapo bunduki za mitutu mingi zilizozungushwa kwa mkono, lakini yeye alitambua kwamba lile teke analolipata mpigaji begani ni nguvu inayopotea bure. Alifanya mtutu na bolti (kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) virudi nyuma pamoja kwa umbali mfupi, kisha bolti iachane na mtutu, ichomoe ganda tupu, ivute risasi nyingine kutoka kwenye mkanda wa kitambaa wenye risasi 250, na springi iirudishe mbele kufyatua tena. Mzunguko huo ulijirudia takriban mara kumi kwa sekunde, na kazi ya mpigaji ilikuwa kushika vishikio viwili na kubonyeza kwa kidole gumba.

Kwa nini bunduki hizo zilitiwa maji, na za siku hizi hazitiwi? (Msomaji, Nakuru)

Sababu ni joto, na karibu kila jambo katika umbo la silaha hizi limetokana nalo. Sehemu ya joto la baruti hubaki ndani ya chuma kila risasi inapotoka, na mtutu uliopata moto kupita kiasi huharibika haraka na kutupa risasi ovyo. Vickers, bunduki ya Waingereza ya mwaka 1912 iliyotokana na Maxim, ilizungushiwa mtutu wake bomba pana lenye maji yapatayo lita nne. Baada ya kufyatua mfululizo risasi kama 600 maji yalichemka, na mvuke uliongozwa kwa mpira hadi kwenye debe dogo lililowekwa pembeni. Debe hilo lilikuwa na kazi mbili: maji yalipopoa yalirudishwa bombani, na adui hakuona wingu la mvuke lililoonyesha mpigaji alipojificha.

Tatizo la maji ni uzito. Silaha ya kubebwa na watu kadhaa haiwezi kwenda bega kwa bega na askari anayekimbia, na katika vita vya kwanza hapa Afrika Mashariki mizigo ya namna hiyo ilibebwa na wapagazi, wale ambao jina la jeshi lao, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Wahandisi wa baadaye waliacha maji wakachagua kubadilisha mtutu. MG 42 ya Wajerumani, iliyofyatua takriban risasi 1,200 kwa dakika, ilihitaji mtutu mpya baada ya risasi kama 250 za mfululizo. Mpigaji hodari aliuchomoa wa moto kwa kitambaa cha asbesto na kuingiza mwingine kwa sekunde chache tu. Bren, ambayo askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) walikwenda nayo hadi Burma, ilikuwa na mpini juu ya mtutu, hivyo aliyeubadilisha hakulazimika kugusa chuma cha moto. Nyingi za bunduki hizi pia huacha bolti ikiwa nyuma mpigaji anapopumzika, ili hewa ipite mtutuni na risasi isikae ndani ya chemba yenye moto ikalipuka yenyewe.

Ikiwa AK nayo inapiga rashasha, bunduki kubwa ni ya nini? (Msomaji, Goma)

Swali zuri, kwa sababu mwendo wa kufyatua wa AK na ule wa PKM, bunduki kubwa ya rashasha ya Kirusi, unakaribiana: wastani wa risasi 600 hadi 700 kwa dakika. Tofauti iko kwingine. Magazini ya AK yenye risasi 30 huisha kwa sekunde tatu, na mtutu wake haubadilishwi vitani. PKM hulishwa kwa mkanda, mtutu wake ni mzito na hubadilishwa, na risasi yake ina ganda la milimita 54 badala ya 39, kwa hiyo huenda mbali zaidi ikiwa bado na nguvu. Yote hayo yamo katika silaha ya kilo saba na nusu, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoipa umaarufu kuliko sifa nyingine yoyote.

Je, mtu mmoja aweza kuipiga akiwa amesimama, kama katika sinema? (Msomaji, Mombasa)

Kufyatua aweza, kupata shabaha ni vigumu. Hupigwa ukiwa umelala, miguu miwili ya bunduki ikiwa chini, kwa mikupuo mifupi, na msaidizi akishika mkanda pembeni.

Kama silaha hii ilikuwa na nguvu hivyo, mbona Waingereza walishindwa Tanga mwaka 1914? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu nguvu yake hutegemea mahali ilipowekwa. Risasi za bombomu zikipigwa mbali haziangukii nukta moja. Hutawanyika juu ya eneo refu na jembamba mfano wa mtumbwi. Ukiwapiga kwa mbele watu waliojipanga mstari, mtumbwi huo unaukata mstari mahali pamoja tu. Ukiwapiga kutoka ubavuni, mtumbwi unalala juu ya mstari mzima. Ndiyo maana kazi yake hasa ni kufunga njia, na kumlazimisha adui alale wakati wenzako wanasogea.

Mahenge, Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walisonga kwa maelfu mbele ya boma lililokuwa na bombomu mbili, mahali pa wazi, na waliuawa wengi kabla ya kufika ukutani. Tanga mambo yalikuwa mengine. Jeshi la Waingereza lililoshushwa pwani lilikuwa na watu wapatao 8,000 dhidi ya 1,000 hivi, lakini lilipita katika mashamba na vichaka bila kuona lililo mbele. Tarehe 4 Novemba Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliupiga ubavu wao wa kushoto, bombomu zikiwemo. Nyuki nao walitoka katika mizinga yao mitini wakawashambulia wa pande zote mbili. Lugha yetu ina neno moja kwa mzinga wa nyuki na mzinga wa vita, na siku ile vyote viwili vilifanya kazi. Waingereza waliporudi melini waliacha mamia ya bunduki, bombomu kadhaa, na risasi zipatazo 600,000. Shehena hiyo iliwatosha Wajerumani kuwapa silaha mpya askari wa kombania tatu, ambao wengi wao hadi siku hiyo walibeba bunduki za mtindo wa mwaka 1871 zinazotoa wingu la moshi kila zinapofyatuliwa.