Wasomaji Wanauliza: Vitabu havirudi, walimu wana mitihani

SWALI: Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari. Kila mwaka unapokwisha nabandika tangazo la kurudisha vitabu katika chumba cha walimu, lakini hakuna anayelishughulikia. Nifanyeje?

JIBU: Walimu wako wamezidiwa na kusahihisha, kujumlisha alama na kuandika ripoti. Tangazo linawataka wakatafute wenyewe nani anadaiwa nini, na hiyo ni kazi yako.

Simamisha kuazimisha wiki 3 kabla ya shule kufungwa. Andaa orodha ya wadaiwa ya kila darasa peke yake, yenye jina la mwanafunzi, jina la kitabu, namba ya nakala na tarehe aliyoazima. Usiache namba ya nakala. Vitabu 40 vya kiada hufanana, na aliyepoteza chake huja na cha jirani yake. Bila namba utamfutia deni aliyepoteza na kumbebesha asiye na kosa. Kabla ya kuchapa orodha, pitia rafu, kwa sababu daima vipo vitabu vilivyorudi bila kufutwa daftarini. Mwalimu akimdai mtoto kitabu ambacho kiko maktaba, orodha yako ya pili hataisoma.

Mpe mwalimu wa darasa orodha kabla hajaita majina, kisha ingia mwenyewe na kikapu ukusanye. Baada ya siku 3 peleka orodha mpya, waliorudisha wakiwa wameondolewa.

Madeni ya walimu wenyewe usiyabandike ukutani hata kidogo. Kila mmoja apate karatasi yake mkononi. Anayehitaji kitabu kuandaa masomo wakati wa likizo, mwandikie tarehe mpya; kitabu kilicho mikononi mwa mwalimu anayekitumia hakijapotea.

Mitihani ikianza, watengee meza ya kusahihishia mbali na mlango. Kisha muulize kila mwalimu swali moja tu: ni mada gani mwaka huu wanafunzi walikosa cha kusoma? Andika jibu mbele yake. Orodha ya ununuzi inayotokana na majibu hayo ina uzito kuliko katalogi yoyote ya wachapishaji.

SWALI: Vilivyorudi vingi vimeng'oka kurasa. Selotepu inafaa?

JIBU: Hapana. Gundi yake hugeuka njano na kupenya karatasini, kisha plastiki hubanduka na kuacha doa lisilotoka. Tumia gundi nyeupe ya maji: paka ukingo wa ndani wa ukurasa kwa upana wa milimita 3, uingize mpaka kwenye mshono, weka karatasi ya nta pande zote mbili, funga kitabu na ukikandamize kwa kitu kizito usiku kucha. Gundi ikizidi, kurasa za jirani hushikana. Chenye ukungu kitenge kwanza, kikae mbali na vingine kabla hujaanza kazi.